Dell, HP au Lenovo? Mwongozo kamili wa kubishana hadi kupata laptopu ya mtumba inayofaa

Ingia duka lolote la laptopu za mtumba, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, uulize ipi ni nzuri kati ya HP, Dell na Lenovo. Muuzaji atakutajia ile iliyojaa kwenye shelfu yake. Fundi wa jirani atakutajia ile ambayo spea zake hazimpi tabu. Ndugu uliyekwenda naye atakutajia ile aliyosomea chuoni. Huenda wote wanasema kweli, na bado ukatoka na mashine isiyokufaa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mashine yake kichwani na wote wakaziita kwa majina ya kampuni tu.

Mwongozo huu ni wa anayenunua laptopu iliyokwisha kutumika, hasa zile zinazotoka maofisini Ulaya na Marekani, nyingi zikipitia Dubai kabla ya kutufikia. Kwa familia nyingi ununuzi huo ni fedha ya miezi: ada imelipwa, kijana anaingia chuo, na kilichobaki ndicho hichohicho, hakuna cha kununulia nyingine ikifa Desemba. Ndiyo maana ubishi huu nauchukulia kwa uzito. Sitaki uuache. Nataka uubishe vizuri, hatua kwa hatua, mpaka ukupe jibu la mashine moja iliyo mbele yako.

Hatua ya 1: Andika kazi na fedha kabla ya jina lolote

Chukua karatasi uandike itafanya nini: kuandika ripoti na kutumia intaneti, hesabu za ofisi, kuhariri video, kuchora ramani za majengo, au kujifunza kuandika programu. Andika itatumika wapi, kwenye meza yenye umeme wa uhakika au ndani ya mkoba kwenye daladala. Kisha andika kiasi cha juu kabisa unachoweza kutoa, ukitenga pembeni fedha ya chaja, ya kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi), na pengine ya betri. Ukifika dukani bila karatasi hiyo, maswali atayapanga muuzaji.

Hatua ya 2: Shusha ubishi kutoka kwenye kampuni hadi kwenye mfululizo

Hapa ndipo ubishi mwingi unapopotea. Kila kampuni kubwa inatengeneza kompyuta za aina mbili tofauti kabisa chini ya jina moja: za kuuzia watu wa nyumbani kwa bei ya kuvutia, na za kuuzia makampuni yanayonunua mamia kwa mpigo na kudai zidumu, zifunguke, na zipate spea kwa miaka. Kusema "Dell ni imara" ni sawa na kusema Toyota inapita popote bila kutaja kama unasema Land Cruiser au Vitz.

Kwa Lenovo, ThinkPad za T na X ni za maofisini, na IdeaPad ni za nyumbani. Kwa Dell, Latitude ni za maofisini na Inspiron za nyumbani. Kwa HP, EliteBook na ProBook ni za maofisini, Pavilion za nyumbani. Mtu akikuambia Pavilion yake ilivunjika bawaba, na mwingine akasema EliteBook yake inakwenda mwaka wa saba, hawapingani hata kidogo.

Majina ya mifano yenyewe yanasomeka ukiyajua. ThinkPad T480: T ni mfululizo, 4 ni kioo cha inchi 14, 8 ni mwaka 2018. T490 ni ya 2019, na kuanzia 2020 Lenovo ikabadilisha mtindo ikawa T14 Gen 1, Gen 2 na kuendelea. Latitude 5490: tarakimu ya kwanza ni daraja, 3 ikiwa ya chini, 5 ya kati na 7 ya juu, inayofuata ni kioo, 4 kwa inchi 14 na 5 kwa inchi 15. EliteBook 840 G5: 840 ni ya inchi 14, 850 ni ya inchi 15, G5 ni toleo la tano, ukiona 845, hiyo ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya AMD badala ya Intel. Dell ilitangaza Januari 2025 kwamba jina Latitude linaondoka na nafasi yake inashikwa na Dell Pro, lakini kwenye mitumba jina Latitude tutakuwa nalo kwa miaka mingi.

Kwa nini mfululizo uwe na uzito kuliko kampuni? Rudi nyuma kidogo. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, iliijenga kwa vipande vya kununua kwa wengine: prosesa ya Intel na mfumo wa Microsoft. Compaq ikaona mwanya, na mwaka 1983 ikaanza kuuza kompyuta iliyoendesha programu zilezile za IBM. Michael Dell akaanza biashara yake mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Texas. Tangu hapo kompyuta za Windows za kampuni zote ni ndugu kwa ndani. Prosesa ni Intel au AMD. RAM inatoka Samsung, SK Hynix au Micron. Vioo vinatoka kwa watengenezaji wachache wa Asia, na kazi kubwa ya kuziunganisha inafanywa na makampuni ya Taiwan kama Quanta, Compal na Wistron, ambayo kiwanda kimoja kinaweza kuhudumia chapa zinazoshindana.

Mwaka 2006 jambo hilo lilionekana kwa moto. Betri zilizotengenezwa na Sony zilikuwa zikipata joto hadi kuwaka, na Dell ikarudisha betri milioni 4.1, Apple milioni 1.8, na Lenovo pamoja na IBM zaidi ya 500,000. Chapa tofauti kwa nje, betri za kiwanda kimoja kwa ndani. Kwa hiyo kinachobaki kuwa cha kampuni kweli ni usanifu wa mwili wa nje, upoozaji, kibodi, urahisi wa kuifungua, na huduma baada ya mauzo. Na hivyo vyote hubadilika kutoka mfululizo hadi mfululizo.

Hatua ya 3: Soma namba ya prosesa mwenyewe

Stika ya "Core i7" imewaumiza watu wengi. Haikuambii chochote mpaka usome namba inayofuata. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, uingie, usome mstari wa prosesa. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza, baada ya kistari ndizo kizazi: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10310U ni cha 10, i5-1145G7 ni cha 11.

Mpaka muhimu kwa mnunuzi wa leo ni kizazi cha 8, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kwenye prosesa za laptopu nyembamba, zile zenye herufi U mwishoni, Intel iliruka kutoka viini viwili hadi vinne ilipofika kizazi hicho mwaka 2017. Maana yake i5-8350U yenye viini vinne inaishinda i7-7600U yenye viwili kwenye kazi nyingi za pamoja. Muuzaji atakuuzia hiyo i7 kwa bei ya juu, nawe utakuwa umelipia herufi.

Ya pili ni Windows. Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache mno. Mafundi wanaweza kuilazimisha iingie kwenye EliteBook 840 G3 ya kizazi cha 6, na itawaka, ila Microsoft haikuahidi kuendelea kuipa masahihisho. Kama mashine ya namna hiyo ndiyo fedha yako inayofika, njia ya kweli ni kuweka Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na kwa kuandika, kusoma na intaneti itakufaa vizuri.

Kwa AMD, nenda moja kwa moja kwenye Ryzen PRO za 4000 au zaidi. ThinkPad T14 Gen 1 na EliteBook 845 G7 zenye prosesa hizo ni miongoni mwa mitumba bora ninayoijua, na wanunuzi wengi huzipita kwa kuwa hawaoni neno Intel. Hapo kuna nafasi ya kupata mashine nzuri kwa bei pungufu.

Hatua ya 4: Zijue tabia za kweli za kila upande

Sasa chapa zinarudi mezani, maana tofauti zipo.

ThinkPad. Sifa yake ya kwanza ni kibodi, na ya pili ni kufunguka. T480 ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote kwa mwanafunzi: ina nafasi mbili za RAM zinazobadilishika, na betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka kwa kusukuma lachi, bila bisibisi. Betri ya nyuma huja kwa ukubwa tofauti, ya Wh (kipimo cha umeme inaobeba) 24, 48 hadi 72, na ukipata hiyo kubwa, siku ya umeme wa mgao inapita bila wasiwasi. Lakini usidhani kila ThinkPad iko hivyo. T490 ina RAM moja iliyochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza. T490s na X1 Carbon zimechomelewa yote, kwa hiyo ukinunua yenye GB 8, utakufa nayo ikiwa na GB 8. Wasiozoea watalalamika kwamba kitufe cha Fn kimekaa pembeni kabisa mahali pa Ctrl. Hilo linageuzwa ndani ya BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. T480 na ndugu zake wa miaka ile walikuwa pia na kasoro ya programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia ya kasi inayotumia tundu la USB-C) iliyoweza kuua tundu la USB-C, na Lenovo ikatoa sahihisho. Mashine ambayo haikusahihishwa huenda tundu lake limekufa, kwa hiyo chaji kwa kila tundu kabla ya kulipa.

Latitude. Nguvu ya Dell ni uwazi. Chini ya kila mashine kuna namba ya herufi na tarakimu saba, Service Tag. Iandike kwenye tovuti ya msaada ya Dell kwa simu yako, ukiwa palepale dukani, nayo itakuonyesha mashine ni mfano gani na ilitoka kiwandani na vitu gani. Muuzaji akisema ni ya mwaka jana, tovuti itasema ukweli. Latitude 5490 na 5420 zina nafasi mbili za RAM; 7490 pia; 7420 imechomelewa. Udhaifu wake kwetu ni chaja. Dell huweka alama ya utambulisho ndani ya chaja zake za pini ya duara, na mashine isipoitambua chaja huonyesha onyo wakati wa kuwaka, inakataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa. Watu wengi wamebadilisha betri, kisha Windows, kisha wakaiuza kwa hasira, kumbe tatizo lilikuwa chaja ya bandia. Mashine ya Dell ikiwa nzito kupita kiasi, shuku chaja kwanza.

EliteBook. Ndiyo inayojaa zaidi sokoni kwetu, mwili wa alumini, sura ya kuvutia. 840 G5 ina nafasi mbili za RAM na mfuniko wa chini unaofunguka kwa skrubu chache. Chunguza kioo. Baadhi zina kioo cha faragha kiitwacho Sure View, kilichotengenezwa ili jirani wa kwenye ndege asisome kazi yako. Ofisini Ulaya ilikuwa faida. Kwako, hata kikizimwa, mara nyingi rangi na mwanga wake ni hafifu kuliko kioo cha kawaida. Ukiona alama ya kioo cha faragha kwenye kitufe cha F2, izime na kuiwasha uone mwenyewe, kisha ulinganishe na nyingine. Pia 840 na x360 1030 ni vitu viwili: ile 1030 inayojikunja ina RAM ya kuchomelewa.

MacBook. Tangu Novemba 2020 Apple ilipoleta prosesa yake ya M1, MacBook Air imekuwa mashine isiyo na feni, isiyopata joto la kusumbua, yenye betri inayowashinda karibu wote waliotajwa hapa. Kwa anayehariri video au picha ni chaguo la heshima. Lakini RAM na hifadhi vimeganda kwenye bodi, na kikifa kimoja, fundi wa kawaida hana la kufanya. Mac za Intel za 2015 hadi 2019 ziogope: nyingi zina kibodi nyembamba iliyokwama vitufe kiasi cha Apple kuanzisha mpango wa kuitengeneza bure mwaka 2018, na Apple imetangaza kwamba macOS ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzihudumia Mac za Intel. Bei yake ikishuka ghafla, sababu ni hiyo.

Acer na Asus zinatengeneza mashine nzuri, ila mitumba mingi ya kwao iliyoko hapa ni ya mfululizo wa nyumbani. Toshiba ilitoka kwenye biashara ya laptopu kabisa mwaka 2020. Hapo sibishani sana: kama fedha ni ileile, rudi kwenye zile tatu za maofisini.

Hatua ya 5: Pima hoja za mtaani moja baada ya nyingine

"HP zinachemka." Hoja hii ina mzizi wa kweli. Pavilion za dv2000, dv6000 na dv9000 za karibu 2007 zilikufa kwa wingi kwa joto la chipu ya picha. Chipu hiyo ilikuwa ya Nvidia, na Julai 2008 Nvidia yenyewe ilitenga mamilioni ya dola kulipia kasoro hiyo, iliyozigusa pia Dell na Apple. Kuitumia hoja hiyo dhidi ya EliteBook ya 2018 si haki. Kinachoichemsha mashine ya mtumba leo ni vumbi kwenye feni na pasta ya kupitisha joto ya prosesa iliyokauka, bila kujali chapa.

"Lenovo ni ya Kichina, si IBM tena." Ni kweli Lenovo, iliyoanzia Beijing mwaka 1984, ilinunua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM mwaka 2005. Lakini wahandisi wa Yamato, Japani, waliokuwa wakiisanifu ThinkPad, walihamia Lenovo pamoja na kazi yao. Mwenye hoja nzito zaidi atataja Superfish, programu ya matangazo iliyofungua mwanya wa usalama kwenye laptopu za Lenovo zilizouzwa kuanzia Septemba 2014 hadi mapema 2015. Ilikuwa aibu kubwa. Iliwekwa kwenye laptopu za nyumbani, ThinkPad hazikuwemo. Mfululizo tena.

"Dell haifi." Muulize kuhusu OptiPlex za 2003 hadi 2005, kompyuta za mezani za maofisini zilizokufa kwa kapasita mbovu zilizovimba kwenye bodi. Hii naitaja kwa makusudi, kwa kuwa inaonyesha kwamba hata mfululizo wa ofisi unaweza kuwa na mwaka mbaya. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta mtandaoni jina kamili la mfano pamoja na neno la tatizo uone walioitumia wanasema nini.

"Plastiki ni dhaifu, chuma ni imara." ThinkPad ya plastiki iliyoimarishwa huanguka ikaacha alama; alumini huanguka ikapinda, na pembe iliyopinda inaweza kusukuma kioo. Angalia bawaba na pembe, acha kugonga mfuniko kwa vidole.

Hatua ya 6: Uliza spea kabla ya kuuliza bei

Hili linategemea ulipo. Aliye Dar es Salaam au Nairobi atapata kibodi, kioo na betri za zote tatu bila shida. Aliye Kigoma, Songea au Lodwar ampigie fundi wake kwanza amuulize: una kibodi ya mfano gani, chaja za nani zinapatikana hapo? Jibu lake lina uzito kuliko maoni ya mtu wa mbali, mimi nikiwemo. Mashine zenye USB-C ya kuchajia zimepunguza tabu hii sana, kwani chaja moja ya wati 65 inayofuata kanuni za USB-C inaweza kuzihudumia ThinkPad, Latitude na EliteBook za kuanzia 2018.

Na jambo moja linalosahaulika: mtumba wa Uingereza huja na plagi ya pini tatu inayoingia kwenye soketi zetu, wa Ujerumani hauingii, na pia kibodi yake ina Z mahali pa Y. Ya Ufaransa imebadilisha A na Q. Stika juu ya vitufe hubanduka. Dai kibodi ya Kiingereza au upunguziwe bei ya kuinunua.

Hatua ya 7: Kagua mashine iliyo mezani, usikague sifa zake

Hapa ubishi wa chapa unaisha. Mashine mbili za mfano mmoja zinaweza kuwa tofauti kuliko za kampuni mbili. T480, Latitude 5490 na EliteBook za ofisi ziliuzwa pia na kioo cha bei ya chini cha 1366 kwa 768, kinachofifia ukikitazama kwa pembeni. Fungua mipangilio ya kioo. Ukikuta chini ya 1920 kwa 1080, dai punguzo au endelea na nyingine.

Anza na kufuli, kwa sababu kasoro hii ndiyo isiyotengenezeka. Zima mashine, iwashe ukiingia BIOS: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapo hapo. Kwenye EliteBook, nywila hiyo iliyosahaulika inaweza kukulazimu kubadilisha bodi nzima. Kisha omba Windows iwekwe upya mbele yako huku mashine ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikijitokeza na jina la kampuni ya ng'ambo ikikutaka uingie kwa akaunti ya kazi, bado iko kwenye usimamizi wa mwenyewe wa zamani, na inaweza kujifunga tena siku utakayoiweka upya. Muuzaji atasema "tunairuka tu hiyo." Usikubali. Kwa Mac, hakikisha akaunti ya Apple ya mwenye zamani imetolewa.

Betri: fungua Command Prompt uandike `powercfg /batteryreport`. Itakutengenezea faili; linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa kujaa sasa. Ikiwa ilikuwa mWh 50,000 na sasa inajaa 30,000, imebakiwa na asilimia 60. Chini ya hapo, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine. Latitude huonyesha pia hali ya betri ndani ya BIOS.

Hifadhi: programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma afya ya SSD, hifadhi ya mafaili ya kisasa, kwa asilimia. Iweke kwenye flashi uende nayo.

Baada ya hapo cheza video ya Full HD kwa dakika ishirini. Sikiliza feni, weka mkono upande wa kutolea hewa, angalia kama inakwama. Wakati inacheza, andika kwa kila kitufe, chomeka flashi kwenye kila tundu, piga simu ya video ujaribu kamera na maiki. Fungua ukurasa mweupe mtupu utafute madoa, kisha mweusi utafute mwanga unaovuja pembeni. Fungua na kufunga mfuniko taratibu ukisikiliza bawaba. Zote tatu zina vipimo vya ndani visivyohitaji Windows, na Dell na HP ni rahisi kuvifikia: Dell bonyeza F12 kisha uchague Diagnostics, HP bonyeza F2 wakati wa kuwaka.

Hatua ya 8: Amua kwa mashine, na useme sababu yako

Tuchukue mezani mashine tatu za bei moja. HP Pavilion 15 yenye i7-7500U, inang'aa kama mpya. Latitude 5490 yenye i5-8350U, betri nzuri, kioo cha 1366 kwa 768. ThinkPad T480 yenye prosesa hiyohiyo, kioo cha Full HD, ila betri ya nyuma imekufa.

Pavilion inatoka kwanza: viini viwili, kizazi cha 7, nje ya orodha ya Windows 11. Sura yake isikushike. Zilizobaki zinalingana kwa nguvu, kwa hiyo swali ni kipi rahisi kurekebisha. Betri ya nyuma ya T480 inabadilishwa kwa sekunde na mtu yeyote. Kioo cha Latitude kinahitaji fundi na fedha zaidi. Kwa mwanafunzi aliye karibu na mji, nachukua T480 na kushusha bei kwa thamani ya betri. Kwa mwalimu aliye mbali, ambaye fundi wake ana chaja na kibodi za Dell na hana kitu cha ThinkPad, nachukua Latitude, naye aandike mitihani yake kwenye kioo hicho bila matatizo. Majibu mawili, na yote mawili nayasimamia.

Ukishalipa, dai risiti iliyoandikwa namba ya mashine yenyewe, si "laptopu moja," pamoja na siku za waranti. Nyumbani, kabla ya kuhamisha mafaili, nenda tovuti ya mtengenezaji, pakua BIOS mpya ya mfano wako na masahihisho ya Thunderbolt kama ni T480, ukiwa umechomeka chaja. Pakua pia kitabu cha matengenezo. Dell, HP na Lenovo wote wanakitoa bure kikiwa na picha za kila skrubu. Kihifadhi kwenye simu, umtumie fundi wako siku atakapoifungua.